Stempu za Mahekalu ya Bara Hindi

Wengi wetu tupokeapo barua huichana bahasha, tukasoma habari za jamaa zetu, na stempu tukaitupa pasipo kuitazama. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba kipande kile kidogo cha karatasi chaweza kuchukua neno kubwa.

Bara Hindi ilipata uhuru wake tarehe 15 Agosti, 1947. Siku zile nchi iligawanyika, na watu wengi mno waliuawa kwa sababu ya uadui wa dini. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Agosti, 1949, Posta ya nchi hiyo ilitoa stempu mpya 16, zilizopigwa chapa katika mji wa Nasik. Stempu za kila siku za zamani zilikuwa na sura ya Mfalme wa Uingereza. Hizi zilikuwa na majengo na sanamu za kale.

Stempu ya ana 3 ilionyesha lango la Sanchi, mahali patakatifu pa Wabudha palipoanzwa kujengwa zamani za mfalme Ashoka, yapata miaka 2,200 iliyopita. Ya ana 3 na nusu ilionyesha hekalu la Bodh Gaya, hapo Budha alipofunuliwa hekima yake, ameketi chini ya mti. Ya ana 4 ilikuwa na hekalu la Wahindu la Bhubaneswar, na ya ana 8 lile la Khajuraho. Yote mawili yana umri wa miaka karibu elfu.

Wala wengine hawakusahauliwa. Lilikuwamo hekalu la Masingasinga la Amritsar, na la Wajaini la Palitana, na Taj Mahal pia, kaburi lililojengwa na mfalme Mwislamu. Basi barua ya Mwislamu iliweza kusafiri na hekalu, na barua ya Mhindu na kaburi la Kiislamu.

Lakini stempu ya ana 1, yenye sanamu ya Bodhisattva, mtukufu wa Wabudha, ilipigwa chapa kinyume: mkono wa kuume ukawa wa kushoto, kama mtu ajionavyo katika kioo. Mwaka 1950 ilitolewa nyingine, sanamu imewekwa sawasawa.

Huenda mtu akasema, ana moja tu, ya nini kusumbuka? Sisi twaona kazi hiyo ilistahili. Kitu akiheshimucho jirani yako, hata kikiwa kidogo kama ukucha, ukikikosea hukiachi vivyo hivyo, hukitengeneza.