Roboti Nyuma ya Moyo: Upasuaji wa Saratani ya Umio na Mgonjwa wa Sironga

Umio, yaani mrija wa misuli unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, na sehemu yake kubwa imejificha ndani kabisa ya kifua, ikiwa imebanwa kati ya njia ya hewa, moyo, mshipa mkuu wa damu na uti wa mgongo. Ni maumbile hayo yaliyofanya saratani yake iwatese wapasuaji kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1913, mjini New York, Franz Torek alifaulu kuuondoa umio wa kifuani uliokuwa na saratani, na mgonjwa wake akaishi miaka 13 zaidi akila kupitia mpira ulioungwa nje ya mwili, toka tundu la shingoni hadi la tumboni. Mwaka 1946 Ivor Lewis, mpasuaji wa Uingereza, alieleza njia ya kufungua tumbo na kisha upande wa kulia wa kifua, njia ambayo mpango wake ungali unafuatwa leo, hata pale mkono unaoshika kisu unapokuwa wa chuma.

Sironga na nyanda nyingine za juu za Nyamira na Kisii zimo katika ukanda wa saratani hii unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Aina iliyoenea hapa huzuka katika seli bapa za utando wa ndani wa umio, mara nyingi katikati ya kifua, ilhali Marekani na Ulaya Magharibi huongozwa na aina ya seli za tezi, inayoota karibu na mlango wa tumbo na kuhusishwa na kiungulia cha miaka mingi na unene wa mwili. Chanzo si kimoja. Tumbaku na pombe zinajulikana. Vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, jambo linalostahili kuzingatiwa sana katika eneo linalolima chai na kuinywa ikiwa moto.

Katika upasuaji wa roboti, mashine haiamui wala haikati chochote kwa hiari yake. Mpasuaji huketi mbele ya meza ya kuongozea, akitazama picha ya ndani ya mwili iliyokuzwa na yenye kina, huku vidole vyake vikiongoza vyombo vyembamba vilivyopitishwa katika matundu madogo kati ya mbavu. Vyombo hivyo hujipinda kama kifundo cha mkono, na kompyuta huchuja mtetemeko wa vidole kabla haujafika kwenye ncha ya kisu. Daktari wa nusukaputi hulipumzisha pafu la kulia ili nafasi ipatikane, kisha umio hutenganishwa polepole na viungo unavyogusana navyo, pamoja na tezi za limfu, ambazo ni vituo vidogo ambamo seli za saratani hunasa zinaposafiri. Hatimaye tumbo la chakula hupunguzwa likawa mrija, likavutwa juu na kushonwa kwenye kipande cha umio kilichobaki, na mshono huo ndio unaohofiwa kuliko yote, kwa kuwa ukivuja ndani ya kifua, maambukizi yake yanaweza kuua.

Faida ya roboti huonekana hasa juu kifuani, kando ya neva zinazoendesha nyuzi za sauti, mahali ambapo saratani ya seli bapa hupenda kupeleka mbegu zake na ambapo kosa dogo humwacha mgonjwa bila sauti au akipaliwa kwa kila funda la maji. Katika jaribio la Utrecht, Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 112, matatizo ya baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 59 ya waliopasuliwa kwa roboti na asilimia 80 ya waliofunguliwa kifua. Takwimu hizo ni za kutia moyo, ingawa msomaji asisahau kwamba roboti ililinganishwa na kisu cha wazi, si na upasuaji wa kamera na matundu madogo, ambao nao hupunguza maumivu na nimonia kwa gharama ndogo zaidi. Mashine yenyewe hugharimu takriban dola milioni 2, na vyombo vyake hutupwa baada ya matumizi machache.

Jirani ya Nyamira, katika Kaunti ya Bomet, Hospitali ya Tenwek imejenga ujuzi mkubwa kuhusu ugonjwa huu bila kuisubiri mashine hiyo. Wengi hufika wakiwa hawamezi tena hata uji, na kwao msaada ulio bora ni stenti, bomba la matundu ya waya linalojitanua ndani ya umio na kurudisha uwezo wa kula, bila kuiondoa saratani. Hospitali hiyo hiyo ilichunguza kwa kamera watu 305 wasio na dalili, ikapaka umio wao madini ya joto ili sehemu zenye kasoro zibaki bila rangi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha mabadiliko ya awali ya seli kwa asilimia 14.4 kati yao. Kasoro za namna hiyo, zikiwa bado katika utando wa juu, huweza kuondolewa kwa kamera iliyopitishwa mdomoni, kifua kisiguswe.

Kati ya makundi hayo mawili yupo mgonjwa anayefaa roboti: yule ambaye uvimbe umeingia katika misuli ya umio lakini haujashika njia ya hewa wala kufika ini au mapafu. Akianza kukwamwa na ugali, anahitaji kamera na kipande cha nyama cha kupimwa kabla dawa za vidonda vya tumbo hazijamaliza miezi yake. Kisha hufuata picha za CT, na tibakemikali pamoja na mionzi kwa takriban wiki tano, mpango ambao jaribio la Uholanzi la mwaka 2012 lilionyesha kuwa unarefusha maisha kuliko kisu peke yake. Na katika muda huo wote hulishwa vya kutosha, ikibidi kwa mrija uliopelekwa hadi utumbo mdogo, kwa sababu mshono uliotiwa katika mwili uliodhoofika kwa njaa hupona kwa shida, uwe umeshonwa kwa mkono au kwa roboti.