Neno «Roboti» Limetoka Wapi?

Siku hizi Wakristo wanamwuliza katekista: «Mashini inayojibu maswali yetu, je, ina roho?» Katekista anakimbilia mafundisho juu ya roho, naye hakosi. Lakini kuna swali lingine linalotangulia hilo. Karel Čapek, mwandishi wa inchi ya Cheki, aliliuliza zamani, wakati mashini hizo hazijakuwapo. Mchezo wake R.U.R. ulichapwa mwaka wa 1920, ukachezwa katika Teatro ya Taifa ya Praha mwezi wa Januari 1921. Humo ndimo lilimotoka neno «roboti».

Neno lenyewe alipewa na ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya shuruti, ile wakulima waliyomfanyia bwana wa shamba pasipo mshahara, mpaka ilipokomeshwa mwaka wa 1848. Wazee wetu waliolimishwa pamba wakati wa Wabelgiji hawahitaji kamusi ili kulielewa.

Tusizani kwamba roboti wa Čapek ni wa chuma. Wana nyama na mishipa: nyama yao inakandwa kama unga wa mkate, mishipa yao inasokotwa kama uzi, yote katika kiwanda cha kompani moja juu ya kisiwa cha mbali. Mzee Rossum, aliyevumbua dawa yake, alitaka kuumba mtu ili kuonyesha kwamba Mungu hahitajiwi tena. Rossum kijana, wa jamaa yake, alikuwa fundi wa mashini, na mambo ya Mungu hayakumsumbua. Aliona tu kwamba mtu ana vitu vingi ambavyo kazi haivihitaji: anafurahi, anapiga fidla, anatembea jioni. Akaviondoa vyote. Kilichobaki, kompani ikakiuza.

Zambi ya yule mzee tunaitambua mara moja, hata mtoto wa katekisimu angeitambua. Ya yule kijana inapita machoni petu kama hesabu ya duka, na mimi naiona kubwa zaidi.

Bibi mmoja kijana, Helena, anafika kisiwani kwa jina la chama kinachotetea roboti. Anamkuta karani Sulla, anakataa kusadiki kwamba huyo ni roboti. Kiisha anawakuta wakubwa wa kompani, anazani hao ndio roboti. Watazamaji wanacheka. Lakini Helena anaambiwa pia kwamba mara nyingine roboti anasimama gafula, anatupa kilicho mkononi, anasaga meno. Anafanywa nini? Anapelekwa kusagwa. Helena anauliza kama hiyo si roho. Wanamjibu kwamba ni kosa la kiwanda, nalo litatengenezwa. Halafu Daktari Gall anaeleza kwamba anawawekea roboti mishipa ya kusikia maumivu. Si kwa huruma: asiyesikia maumivu anaingiza mkono katika mashini, anavunjika vidole wala hajali, na hasara ni ya kompani.

Ndugu msomaji, utazame vema. Kompani haikuchunguza kwanza ndipo ikaona kwamba roboti hana roho. Iliamua mbele, maana asiye na roho haombi mshahara, hapumziki dominika, wala hafiwi na mtu. Swali linalotangulia ndilo hili: nani alitaka mfanyakazi wa namna hiyo, na kwa faida gani?

Mashini za leo hazina nyama. Ni hesabu kubwa mno zilizofanywa juu ya maandishi ya watu. Walakini nyuma yake wako watu wenye nyama: mwaka wa 2023 ilijulikana kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wamelipwa feza kidogo kwa kusoma maneno machafu na ya ukatili mchana kutwa, ili mashini ifundishwe kuyaepuka. Waraka wa Roma Antiqua et Nova, wa tarehe 28 Januari 2025, unafundisha kwamba akili ya mashini ni kazi ya mwanadamu wala si mtu. Unaonya vile vile juu ya nguvu kukusanyika mikononi mwa kompani chache kubwa. Naogopa mahubiri yetu yataishia kwenye neno la kwanza.

Katika mchezo, Busman mshika feza anasema wazi kwamba wakubwa walijiona watawala, kumbe walitawaliwa na maombi ya wanunuzi. Serikali zilitaka roboti wa kupiga vita, zikauziwa. Direktere Domin alitaka kumwokoa mwanadamu katika utumwa wa kazi. Wanunuzi walitaka bei ndogo. Nani alitenda zambi? Tunawaachia wanafunzi wa teolojia ya maadili.

Mwishoni roboti wanaua watu wote, isipokuwa Alquist, mkubwa wa majengo, kwa sababu yeye hufanya kazi kwa mikono yake sawa wao. Dawa ya Rossum imekwisha kuchomwa moto, nao wanamsihi awafundishe kutengeneza wenzao. Hajui. Wanamwambia apasue roboti hai ili atafute. Anamchagua msichana roboti aitwaye Helena pia; mwenzake Primus anakataa, anataka apasuliwe yeye badala yake. Alquist anamgeukia Primus; sasa msichana analia na kujitoa. Mzee hauliza tena juu ya kosa la kiwanda. Anawafungulia mlango waende pamoja, kiisha anafungua Biblia, anasoma habari za kuumbwa kwa mtu, na maneno ya mzee Simeoni, yale tunayosali kila usiku katika Komplini.