Kompyuta ikirudi miaka ya nyuma, tazama betri kwanza

WAFANYABIASHARA wanaovusha kompyuta zilizotumika katika mipaka ya Rusumo, Kobero na Mutukula wanaujua ugonjwa huu, ingawa si wote wanaojua jina lake. Mashine ilikuwa nzima ilipofungwa kwenye boksi. Inafika, inawashwa, kioo kinabaki cheusi na maandishi meupe yanayokutaka ubonyeze F1 ili uendelee. Ukibonyeza, saa inaonyesha Januari Mosi ya mwaka uliopita zamani.

Hapo ndipo wengi huuza kwa hasara. Mnunuzi husema mazabodi imekufa, fundi asiye mwaminifu hutikisa kichwa, na mashine nzima huhesabiwa kuwa chuma chakavu. Kumbe mara nyingi kilichokufa ni betri ya duara, mfano wa sarafu.

Betri hiyo hukaa juu ya ubao mama. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ile yenye namba CR2032, ya volti 3. Namba yenyewe inajieleza: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kulisha saa ya ndani wakati umeme haupo na, katika mashine za zamani, kulinda pia mipangilio ambayo kompyuta huisoma kabla ya kuamka. Utaratibu huu ulienea baada ya IBM kutoa kompyuta yake ya PC AT mwaka 1984. Mashine nyingi za siku hizi huhifadhi mipangilio mahali pasipohitaji betri, hivyo zinapoteza saa peke yake.

Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, saa yake hula umeme wa ukutani. Ikichomolewa, mzigo wote unaiangukia betri. Ndiyo maana mashine iliyokaa miezi ndani ya kontena, au iliyoletwa na mtu aliyerejea nyumbani na kuwekwa stoo akisubiri nyumba iishe, hufika na betri iliyochoka. Kwa kawaida betri hiyo hudumu miaka kadhaa, na umri wa mashine ni sehemu ya hesabu.

Madhara yake hayaishii kwenye saa. Tovuti nyingi, zikiwamo za benki na barua pepe, hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2009, huviona vyeti hivyo kuwa bado havijaanza kazi na inakataa kufungua ukurasa. Mwenye kibanda cha intaneti humlaumu mtandao bure. Ankara nazo huchapwa na tarehe ya zamani, na mzigo wenye karatasi za namna hiyo unaalika maswali ya forodha yasiyo na sababu.

Linalotisha zaidi ni diski kuonekana imekufa. Mipangilio ikifutika, baadhi ya kompyuta hubadilisha namna ya kuisoma diski, kati ya IDE, AHCI na RAID, na Windows inakataa kuwaka. Usikubali haraka kuuziwa diski mpya. Mafaili yako yako kwenye diski, hayakai kwenye betri. Rudisha mpangilio uliokuwapo na mara nyingi mashine itaamka.

Kupima ni rahisi. Sahihisha saa, zima kompyuta, ichomoe ukutani ilale hivyo usiku mzima. Asubuhi ikiwa imerudi nyuma, betri ndiyo ya kushukiwa. Ikipoteza saa hata ikiwa imechomekwa, tafuta kasoro nyingine. Na kama imekosea kwa saa moja kamili, usifungue kitu: Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja, na mashine iliyovuka daraja la Rusumo inahitaji kubadilishiwa ukanda wa saa tu.

Kabla ya kubadili betri, piga picha ya mipangilio kama bado inasomeka. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha bonyeza kibanio na betri itachomoka. Mpya huwekwa upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Wauza saa na wauza funguo za gari huwa nazo. Chukua iliyo ndani ya pakiti iliyofungwa, na usibadilishiwe CR2025 ambayo ni nyembamba zaidi. Kisha ingia kwenye bayosi uweke tarehe.

Kompyuta za mapakato zina mambo yake. Nyingine betri hiyo imeshonewa waya na kufichwa chini ya kibodi, nyingine hazina kabisa na hutegemea betri kubwa. Hizo mpe fundi.

Betri iliyotolewa isiachwe mezani wala sakafuni. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili, hata ikiwa haina tena nguvu ya kuendesha saa. Mkimbizeni hospitali bila kungoja dalili.