Kwa Nini Kompyuta Hukataa Folda ya "PRN"

Sisi wahudumu wa afya tumezoea kuandika PRN katika kadi ya mgonjwa. Ni kifupi cha Kilatini, pro re nata, yaani dawa itumike pale tu inapohitajika. Muuguzi wa Ilula anayepanga kumbukumbu za wodi katika kompyuta ya Windows, akijaribu kuipa folda jina hilo, hukataliwa. Hajakosea, wala mashine haina virusi.

Jina hilo lilikwisha kutwaliwa na printa. Katika MS-DOS ya mwaka 1981 hapakuwa na folda. Faili zote zilikaa pamoja, na vifaa viliitwa kana kwamba navyo ni faili: PRN printa, CON kibodi na skrini, AUX mlango wa mawasiliano, na NUL, ambamo kila kinachoandikwa hupotea. Folda zilipokuja mwaka 1983, programu za zamani ziliendelea kuviita vifaa kwa majina yale yale, hivyo yakazuiliwa ndani ya kila folda. Windows ikayarithi. Herufi ndogo hazisaidii, na katika matoleo mengi hata kuongeza .txt mwishoni hakusaidii.

Linux, kwa upande wake, huyakubali. Hapo ndipo penye hatari: folda ya PRN iliyotengenezwa huko inaweza kugoma kunakiliwa kwenye Windows, na orodha ya dawa za maumivu ikaachwa nyuma pasipo mtu kutambua. Hesabuni faili kila mnaponakili. Mimi ningeiita folda hiyo "dawa inapohitajika", ili hata mgonjwa anayesomewa jalada lake aelewe.