Neno "Zawadi" Halipunguzi Ushuru

Halipiti juma hapa Manundu, Korogwe, asinijie mtu na simu mkononi, pengine kijana wa duka la vipuri, pengine mama aliyeagiza viatu China ili avipeleke kwa wateja wake wa Handeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba tunapanga njama: "Mjomba, nimwambie muuzaji aandike zawadi?" Kwa kuwa swali hilo nimelijibu kwa ulimi hata ulimi umechoka, leo nalijibu kwa kalamu: usimwambie, wala si kwa ajili ya uadilifu peke yake, bali kwa sababu neno hilo humdhuru yule yule atakaye limfae.

Imani kwamba neno hilo hupunguza ushuru ina asili yake. Fomu ya posta ibandikwayo juu ya kifurushi, iitwayo CN22, au CN23 thamani inapokuwa kubwa zaidi, ina kijisanduku cha kutiwa alama kitu kinapokuwa zawadi. Na ndugu zetu walioko Uingereza, ambako zawadi isiyozidi pauni 39, itokayo kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, husamehewa kodi, wametuletea habari ya msamaha wakaacha huko masharti yake. Hata kwao duka haliwezi kumzawadia mteja kitu alichokilipia. Fomu hiyo ni ya dunia nzima, hutumika penye msamaha na pasipo na msamaha, na kijisanduku kilichochapwa juu yake si ahadi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa mtu wa Korogwe.

Lakini hayo ni madogo; kubwa ni hilo dhara nililolitaja. Thamani ya kutozea ushuru hutafutwa kwa kifungu cha 122 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, pamoja na Jedwali lake la Nne, ambalo limefuata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani. Na humo zimepangwa njia sita kwa daraja, afisa asiiache ya kwanza ila imeshindikana. Njia hiyo ya kwanza, iliyo bora kuliko zote kwa mnunuzi mkweli, ni bei halisi aliyoilipa au atakayoilipa. Sasa bei halisi hupatikana palipo na mauzo, na zawadi, kwa ukiri wako mwenyewe, si mauzo. Basi wewe uliyevizia siku ya punguzo, ukanunua kwa dola 80 kitu ambacho wenzako hukinunua kwa 120, ukiandikiwa "zawadi" umeitupa ankara iliyokuwa wakili wako, ukamlazimisha afisa aendee njia ya pili na ya tatu, atazame bidhaa zilizo sawa na yako au zinazofanana nayo ziliingia nchini kwa thamani gani. Na punguzo lako, maadamu umelikana, hakuna atakayelihesabu. Umedanganya, na kwa uongo wako ukalipa zaidi. Sijui hasara iliyo kamili kuliko hiyo.

Nduguye zawadi ni bei ya kubuni, dola 10 juu ya simu ya dola 150. Huyu hana hata kisingizio cha kijisanduku. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo hiyo humfikisha mtoa maelezo ya uongo kwenye kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000, na atakayeitwa ni wewe wa Manundu, si muuzaji wa Guangzhou. Fauka ya hayo, kifurushi kikipotea, utadai fidia ya dola ngapi?

Hesabu yenyewe haina siri. Kwa mzigo wa baharini, bei, nauli na bima hujumlishwa kwanza. Tuseme zimefika dola 100. Ushuru wa forodha una madaraja makuu ya asilimia 0, 10, 25 na 35, hili la mwisho likiwa limeongezwa Julai 2022. Kitu cha daraja la 25 huwa sasa 125, na VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya 125 hiyo, si juu ya 100, yaani dola 22.50, jumla ni 47.50, si 43 kama wengi wajumlishavyo, kisha huja tozo ndogo kama ile ya reli iliyoanzishwa 2015.

Yaliyosalia nayasema mbio. Hifadhi ankara na risiti ya malipo ya kadi au ya simu, zitaje bei moja. Ukipitia wakala wa mizigo atozaye kwa kilo au kwa mita ya ujazo (CBM), akuandikie kama kodi imo au haimo, na usikubali "imo" ya mdomo. Mzigo mkubwa mpe wakala wa forodha mwenye leseni. Dawa zina mdhibiti wake, TMDA, na vifaa vya mawasiliano vina wake, TCRA; uliza kabla ya kununua. Atakaye gari la Japani aanze na kikokotoo cha TRA, kwani gari lililopita miaka 8 huongezewa ushuru, na lililopita 10 huongezewa zaidi. Na ukipata ujumbe kwamba kifurushi chako kimekwama forodhani, utume fedha kwa namba ya simu ya mtu, usitume: kodi hulipwa kwa kontroo namba ya serikali, na risiti hutoka kwa jina lako.