Hesabu za Kikundi Kwenye Kompyuta: Jinsi ya Kupanga Madirisha kwa Vitufe

Vikundi kadhaa ninavyovitembelea huku Timbwani vimeanza kuweka hesabu kwenye kompyuta badala ya daftari. Mara nyingi ni laptopu ya mtumba, au ile ya kijana wa mwanachama inayoazimwa siku ya mkutano. Si jambo baya, linafaa kupongezwa. Lakini nimeona shida mbili zikijirudia, na zote hazitokani na wizi wala uvivu. Zinatokana na namna madirisha yanavyopangwa kwenye skrini.

Kwanza nieleze dirisha ni nini, maana si sote tumekaa mbele ya kompyuta. Kila kazi unayoifungua, iwe ni barua, jedwali la michango au taarifa ya M-Pesa, hufunguka ndani ya kisanduku chake. Kisanduku hicho ndicho dirisha. Ukifungua kazi tatu unakuwa na madirisha matatu, na kwa kawaida la mwisho hufunika yale mengine kama karatasi zilizorundikwa mezani. Zamani haikuwa hivyo. Windows ya kwanza kabisa, iliyotoka mwaka 1985, ililaza madirisha kando kwa kando wala hayakuweza kufunikana. Ya kufunikana yalikuja 1987. Kwa kazi ya mweka hazina, mimi naona ile ya kwanza ilikuwa na akili yake.

Shida ya kwanza ilimpata mama mmoja wa kikundi ambacho sitakitaja. Aliomba mkopo wa kuongeza biashara yake ya samaki, akaambiwa hawezi kupewa kwa sababu mchango wake wa mwezi haukuingia. Yeye alijua ametuma shilingi 1,500 kwa M-Pesa, lakini simu ilikuwa imeharibika na ujumbe umepotea. Mbele ya wenzake akanyamaza. Akakaa kimya miezi miwili, hata mikutano akaanza kuikosa.

Mweka hazina wao ni mtu mwaminifu, namfahamu. Siku nilipokaa naye nikaona anavyofanya. Anafungua taarifa ya M-Pesa, anasoma mstari mmoja, anaufunika kwa jedwali la michango, anaandika alichokumbuka, kisha anarudi kwenye taarifa kutafuta alikofikia. Kwa taarifa ya kurasa tatu, nani hatakosea? Ile 1,500 ilikuwa imeingia kwenye mstari wa mama mwingine ambaye jina lake la kwanza ni sawa na la yule aliyelipa. Basi tuliyaweka madirisha mawili kando kwa kando, na kosa tukaliona kabla chai haijapoa.

Sasa tazama kibodi, yaani kile kibao cha herufi. Chini upande wa kushoto, karibu na Alt, kuna kitufe chenye alama ya dirisha. Hebu tukiite kitufe cha dirisha. Fungua taarifa ya M-Pesa. Shikilia kitufe cha dirisha usikiachilie, halafu gusa mshale wa kushoto mara moja. Taarifa itakwenda kukaa nusu ya kushoto ya skrini. Kwenye Windows 10 na 11, ile nusu iliyobaki itakuonyesha picha ndogo za kazi nyingine ulizofungua. Nenda kwa mishale hadi kwenye jedwali la michango, kisha bonyeza Enter. Umemaliza. Kushoto pesa zilivyoingia, kulia mahali pa kuandika. Kama ni Windows 7 hutaletewa picha, kwa hivyo gusa jedwali lenyewe, kisha shikilia kitufe cha dirisha na uguse mshale wa kulia. Ukitaka dirisha moja lijae skrini nzima, ni kitufe cha dirisha na mshale wa juu. Kuruka kutoka dirisha moja hadi jingine bila kugusa kipanya, ni Alt na Tab.

Watu huniuliza, mbona vitufe na kipanya kipo? Kwa sababu laptopu nyingi za mtumba kile kibao cha kugusa kimechoka, na siku ya mkutano kipanya hakina pa kutambaa kwenye meza iliyojaa vikombe. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza, "Sasa mwanangu, nikibonyeza vibaya haitaharibika?" La, bibi, haiharibiki. Dirisha huhama tu, maandishi yako yabaki vilevile. Njia hii imo tangu Windows 7 iliyotoka 2009, na hata wale wenye Ubuntu wanaweza kuitumia.

Jambo jingine hapohapo. Msilinganishe majina peke yake. Kila malipo ya M-Pesa yana namba yake ya herufi na tarakimu kumi. Ongezeni safu moja ya namba hiyo kwenye jedwali lenu. Mmoja asome namba upande wa kushoto, mwingine aitazame upande wa kulia. Majina hufanana, namba hizo hazifanani.

Shida ya pili ni ya siku ya mkutano. Kikundi kingine kiliunganisha laptopu na tivi kwa kebo ili wanachama wote waone hesabu. Wazo zuri sana, mimi mwenyewe ndiye niliyelipendekeza. Lakini tivi ikaanza kuonyesha kila kitu kilichokuwa kwenye laptopu. Katibu alipofungua faili ya mikopo kutafuta tarehe, watu arubaini wakasoma nani anadaiwa ngapi, na nani ameomba asamehewe riba kwa sababu ya ugonjwa nyumbani. Ilifunguliwa dakika moja tu. Mwanachama mmoja alitoka nje na hakurudi. Kumbukeni Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, mambo ya mtu ni ya mtu.

Kosa lilikuwa ni kuchagua njia isiyofaa ya kuunganisha. Ukishachomeka kebo, shikilia kitufe cha dirisha na uguse herufi P. Utaona orodha ya njia nne, na kompyuta nyingi huku zinaziandika kwa Kiingereza. Ile iliyoandikwa Duplicate ndiyo inayoonyesha kitu kilekile pande zote mbili, na ndiyo iliyotuponza. Chagua Extend kwa mshale, bonyeza Enter. Sasa tivi inakuwa uwanja wa pili, mtupu, na hakuna kinachokwenda huko mpaka ukipeleke.

Kupeleka ni hivi: gusa dirisha la hesabu za kusomwa, shikilia kitufe cha dirisha pamoja na Shift, kisha mshale wa kulia. Dirisha linavuka. Ni kama feri yetu ya Likoni. Lilikuwa upande wa huku, sasa liko ng'ambo. Kulirudisha ni vitufe hivyohivyo na mshale wa kushoto. Faili ya mikopo inabaki kwenye laptopu, mbele ya katibu peke yake.

Hapa pana mtego, msikilize vizuri. Vile vitufe vya kwanza, vya kulaza dirisha nusu skrini bila Shift, navyo vinaweza kuvusha. Dirisha likiwa tayari limekaa nusu ya kulia, na tivi iko upande wa kulia, ukigusa mshale wa kulia mara moja zaidi litaingia kwenye tivi. Nimeona mtu akibonyeza mara tatu kwa haraka na siri ikavuka. Kwa hivyo gusa mara moja, tazama, ndipo uguse tena. Afadhali zaidi, faili msizozihitaji kwenye mkutano zifungwe kabisa kabla ya kuchomeka kebo.

Wakati mwingine tivi huzimwa huku kebo ingali imechomekwa, na kompyuta ikaendelea kudhani tivi ipo. Dirisha mlilolipeleka huko halionekani, na watu wakaanza kupiga kelele ati hesabu zimefutwa. Hazijafutwa, ziko ng'ambo. Tumia Alt na Tab mpaka ulifikie dirisha lile, kisha kitufe cha dirisha, Shift na mshale wa kushoto. Au chomoa kebo, na mara nyingi litarudi lenyewe.

Fanyeni majaribio jioni ya kuamkia mkutano, katibu na mweka hazina pamoja, si mmoja peke yake. Yule mama wa samaki alirekebishiwa hesabu zake mbele ya wote, na mkopo akapewa mwezi uliofuata. Siku hizi ndiye anayekaa kando ya mweka hazina kumsomea namba za M-Pesa. Kikundi kitakachotaka kuonyeshwa kinaweza kunialika siku ya mkutano, ila tafuteni kebo ndefu, maana yangu haifiki hata mita moja na nusu.