Jua la saa moja na vitamini ya saa sita

Saa moja unusu asubuhi, uani, mzazi ameketi kwenye kigoda, kichanga kalala mapajani, mgongo wazi. Bibi yake, aliyeko jikoni, hana shaka: jua la asubuhi ndilo kinga ya matege. Kwa joto na raha ya mtoto, bibi kasema kweli. Kwa vitamini D, pana walakini.

Jua halitoi vitamini. Linatoa miale, na sehemu ndogo ya miale hiyo, iitwayo UVB, huigonga aina ya lehemu iliyomo ngozini na kuigeuza kuwa chimbuko la vitamini D. Jua likiwa chini, miale hupita mwendo mrefu angani na UVB nyingi hunaswa na ozoni kabla ya kufika uani. Kipimo chake hakihitaji mashine: tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inatengeneza kidogo mno. Kikiwa kifupi, kazi imeanza. Kioo nacho huzuia karibu UVB yote, hivyo karani anayepigwa na jua kupitia dirisha la ofisi huambulia jasho tu.

Hata hicho kinachotoka ngozini hakijaiva. Hupita kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo kinapokuwa homoni inayousaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya mifupa.

Melanini, rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, ni mwavuli: hupunguza UVB inayopenya. Je, Mwafrika basi ana upungufu? Mwaka 2012 yalichapishwa majibu ya damu ya Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi maisha ya jadi. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali wataalamu wengi huhesabu 50 kuwa inatosha. Na watu hao hukwepa jua kali kila wanapoweza! Wanachofanya ni kushinda nje.

Muscat na Dubai jua halina msamaha, lakini upungufu wa vitamini D umeenea huko, hasa kwa wanawake. Joto huwafungia watu kwenye viyoyozi, na anayetoka huwa amejisitiri. Mzanzibari aliyehamia Muscat anabaki na ngozi yake ileile. Kilichobadilika ni namna anavyoipitisha siku.

Hata hivyo ndugu wawili wanaolima shamba moja wanaweza kutofautiana. Hapo ndipo jeni zinapoingia. Utafiti wa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, uliohusisha watu zaidi ya 30,000 wenye asili ya Ulaya, ulizitaja chache. DHCR7 huhusika na ile lehemu ya ngozini: kadiri inavyoigeuza kuwa lehemu ya kawaida, yaani kolesteroli, ndivyo malighafi ya vitamini D inavyopungua. CYP2R1 hufanya kazi ya ini. GC hutengeneza protini inayobeba vitamini D katika damu, hamali wake, na mahamali hawafanani. Ila Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za kijeni kuliko Wazungu, kwa hiyo kuyahamisha majibu hayo Kilifi au Singida bila kupima upya ni haraka isiyo na heri.

Jua hilohilo pia huharibu. Miale yake inaweza kuivunja foleti, yaani vitamini B9, ambayo mjamzito huihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ujifunge sawasawa. Mwaka 2000 watafiti Nina Jablonski na George Chaplin walitoa hoja kwamba weusi wa ngozi ulidumu karibu na ikweta ili kuilinda foleti, na ngozi ikafifia kaskazini ili vitamini D ipatikane. Mtu mwenye ualbino hana mwavuli huo. Kwake kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua hutangulia hesabu zote za vitamini.

Na kichanga wa uani? Asije akaanikwa saa sita mchana kama dagaa, ngozi yake bado laini. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Nchini Uingereza mtoto anayenyonya hushauriwa apewe mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa siku tangu kuzaliwa. Siku ya kliniki, mama aulize kuhusu matone ya vitamini hiyo.